Kompyuta Iliyojifunza Kuamkia

Nilichokiona kwanza ni kofia. Mzee Bujiku hakuivua.

Kila akija ofisini kwetu, mzee huyu huvua kofia mlangoni, hukaa, huiweka juu ya goti, ndipo husema "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Baada ya hapo hakuna biashara mpaka aulize habari za kila mtu, hata za mbuzi wa mama yangu. Jumatano ile aliingia na kofia kichwani, akasimama katikati ya chumba, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

Nilijua ni nini. Nilikuwa nakiogopa tangu Ijumaa.

Ofisi yetu iko Shinyanga mjini, nyuma ya soko. Inakodisha pampu za kuvuta maji kwenye mashimo ya dhahabu. Tuko wanne: bosi Edson; Marwa, fundi wa pampu; dada Melania, anayejibu barua pepe zote; na mimi, Paskazia, wa usafi na chai. Mzee Bujiku anaishi Ibadakuli, lakini mashimo yake yako Runzewe, na huko ana pampu zetu nane. Hatuna mteja mkubwa kumzidi yeye.

Ijumaa hiyo Melania alikuwa anaanza likizo, anakwenda kwao Runzewe kuolewa. Mimi nilikuwa napiga deki chini ya meza yake.

"Paska, njoo uone maajabu," aliniita. "Nimeiagiza kompyuta ijibu yenyewe. Mtu akiandika tu, inamwambia sipo."

Akanisomea kwa sauti, kwa sababu ofisi nzima inaamini sijui kusoma. Siku niliyoletwa kuomba kazi, bosi aliuliza nimesoma mpaka wapi, na shangazi akanijibia: "Huyu hajasoma, lakini ana mikono misafi." Niliona aibu kumsahihisha mbele ya watu. Kesho yake ikawa ngumu zaidi kusema, na mwaka ulipoisha ikawa haisemeki kabisa.

"Asante kwa barua pepe yako," Melania alisoma. "Sipo kazini hadi tarehe 14. Kwa jambo la haraka, piga simu ofisini."

Nilikuwa nimeshausoma ujumbe huo mara mbili kabla hajamaliza. Niliona hauna salamu. Nikataka kumwambia. Nikakamua dekio.

Sasa Mzee Bujiku aliikunjua ile karatasi. Yeye hana kompyuta. Humsimulia binti wa duka la stesheneri, binti akaandika na kutuma, kisha jibu likija anamchapishia.

"Nimemsalimia Melania mistari mitatu," alisema. "Nimemuuliza habari za mama yake. Nimemuuliza mvua. Ananijibu nini? Hayupo! Na dakika ileile, hata kusoma hajasoma. Sasa Edson, nieleze. Kama hayupo, aliyenijibu nani?"

"Ni mashine, mzee. Inajibu yenyewe."

"Basi mashine yenu haina wazazi."

Marwa alicheka, akajifanya anakohoa.

"Nataka salamu kutoka kwa mtu niliyemsalimia," mzee aliendelea. "Isipofika mpaka keshokutwa, Ijumaa, naandika mje mchukue pampu zenu. Wenye pampu wako wengi."

Akaondoka. Chai niliyomwekea ilibaki imejaa.

Bosi alishika kichwa. "Kesho mchana nampigia Melania. Apande gari, aje amwangukie mzee."

"Bosi, Jumamosi anaolewa!" Marwa alisema.

"Si Jumamosi? Ijumaa jioni nitamruhusu arudi."

"Na kusukwa atasukwa saa ngapi? Ndani ya basi?"

"Marwa, nenda kaangalie pampu Runzewe, niache na kichwa changu."

Melania ndiye mtu pekee aliyewahi kunifungia kipande cha keki na kuniletea. Nilijua dawa ya jambo hili, lakini mbele ya bosi sauti yangu hukwama kama ugali mkavu. Nyumbani nikachana karatasi ya daftari la mdogo wangu, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Asubuhi niliiweka chini ya kisosi cha chai ya bosi.

Aliisoma akiwa amesimama.

"Marwa ndiye kaacha hii kabla ya kusafiri?"

Niliinamisha kichwa. Yeye akaona nimekubali.

"Sawa. Tutaijaribu. Ikishindikana, nampigia kesho asubuhi." Akakaa kwenye kompyuta ya Melania. "Sasa huyu binti alibonyeza wapi?"

Nilinyoosha kidole, nikamwonyesha. Akaandika yale maneno, akiyatamka:

"Shikamoo. Kama wewe ni mdogo wangu, basi hujambo? Habari za nyumbani, na mvua huko inanyesha? Mimi ni kompyuta, namjibia Melania. Yeye ni mzima, na mama yake ni mzima. Amekwenda kuolewa Jumamosi. Barua yako imefika salama, ataisoma kwa macho yake mwenyewe tarehe 14. Kama pampu imesimama, piga simu ofisini, Marwa atakuja leoleo. Wasalimie wote."

Mchana ule barua zikaanza kurudi. Kijana mmoja dalali wa Geita aliandika, "Marahaba, mjukuu wangu kompyuta." Mwingine aliuliza kama huyo bwana harusi ana ng'ombe wa kutosha. Bosi alicheka peke yake mpaka akafunga mlango. Lakini kwa Mzee Bujiku kulikuwa kimya.

Ijumaa saa nne barua yake ikaingia. Mstari mmoja tu: "Njooni mchukue pampu zenu." Hapohapo kompyuta ikamjibu yenyewe. Bosi aliangalia kioo cha kompyuta, akatoa simu, akatafuta jina la Melania. Mimi nilikuwa nafuta meza moja, ileile, mara ya kumi.

Kompyuta ikalia.

"Marahaba," bosi alisoma polepole. "Mimi sijambo. Mvua bado. Kumbe binti anaolewa, mbona hamkusema? Pampu ziacheni."

Akaiweka simu chini. Kompyuta, kwa kuwa hujibu kila barua, ikamwamkia mzee tena. Mzee naye hawezi kuacha salamu bila kuitikia. Mpaka duka la stesheneri linafungwa, walikuwa wameshasalimiana mara tano.

Jumamosi Melania aliolewa, amesukwa vizuri. Marwa alicheza ngoma mpaka soli ya kiatu ikabanduka. Alirudi Jumatatu asubuhi akatuonyesha.

Muda si mrefu Mzee Bujiku akafika. Alivua kofia tangu kwenye ngazi. Nyuma yake dereva wa bajaji alibeba gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, zawadi ya bibi harusi.

"Ijumaa moja nimeamkiwa mara tano," alisema akikaa. "Wajukuu zangu mwenyewe hawafiki hapo. Nani aliifundisha mashine adabu? Nataka kumwona."

"Ni huyu hapa," bosi alisema, akampiga Marwa begani.

"Mimi?" Marwa alishangaa. "Si wewe, bosi?"

"Mimi wapi! Si karatasi yako, ulimpa Paska aniletee."

"Sijampa mtu karatasi. Mwandiko wangu hata mimi mwenyewe unanishinda."

Wakatazamana. Mzee Bujiku hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, kofia yake juu ya goti, akasubiri kama anavyosubiri salamu iitikiwe.

Niliweka sinia chini. 

"Shikamoo, babu," nilisema. "Niliandika mimi. Niliishia darasa la tano, lakini kusoma najua. Najua tangu zamani."