Kamati ya Paa

Kanisa letu la Presbiteri liliuawa na vikao. Paa lilipoanza kuvuja, wazee wa kanisa waliunda Kamati ya Paa. Miaka tisa wakabishana, bati au vigae, huku sisi tukiimba zaburi chini ya miavuli. Baba yangu, seremala, akachoka. Jumatatu moja alipanda na ngazi yake, misumari yake na bati zake, akaziba.

Paa likaacha kuvuja, wazee wakaja juu. Nani kampa ruhusa? Wakamtenga na meza ya Bwana mpaka kikao kijacho kiamue. Kikao kijacho kikaahirisha, na kilichofuata vilevile. Baba akafa akiwa bado ameahirishwa. Mpaka leo nikikumbuka, roho inaniuma.

Jengo likauzwa, sasa ni ukumbi wa mazoezi. Palipokuwa na mimbari pana kioo kikubwa, na watu wananyanyua vyuma wakiguna kuliko sisi wenye dhambi tulivyowahi kuguna. Lakini ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: Kamati ya Paa ipo, maana hakuna aliyetoa hoja ivunjwe. Wazee watatu waliobaki hukutana kila mwezi chumba cha nyuma, kati ya ndoo na taulo chafu, wakijadili paa ambalo si lao tena. Mimi ndiye karani wao, maana wote macho yamekwisha.

Mama yangu ana miaka themanini na minane. "Mwanangu," aliniambia, "nisife mume wangu akiwa bado nje."

Nikawaeleza wazee. Mwenyekiti akakohoa. "Binti yetu, jambo hili zito. Tuliahirishe."

Haya. Mwezi uliofuata nikawasomea kumbukumbu za kikao kilichopita: wajumbe walijadili vigae, kisha kwa kauli moja wakamrudisha seremala mezani na kumwomba radhi mjane wake.

Kukataa ni kukiri umesahau, na mzee wa kanisa hasahau.

"Nakumbuka vizuri," akasema mwenyekiti. "Hoja niliitoa mimi."

"Nami nikaiunga mkono," akadakia wa pili.

"Radhi nilitaja mimi," akasema wa tatu, kanuna kwa kuachwa nyuma.

Nikawaongoza mkono mpaka pa kutia sahihi.

Mama aliisogeza karatasi karibu na dirisha, akaikagua muda mrefu.

"Hawa? Kwa kauli moja?" Akanitazama. "Mwandiko wako huu."

"Ndiyo, mama."

"Na sahihi?"

"Zao."

"Basi inatosha," akasema, akaanza kulia.