Gitaa la Mbebaji

Kabla ya enzi ya ruksa, watu wa Tukuyu hawakuijua taabu ya kuchagua. Ulipanga foleni, ukapewa kilichopo, ukarudi nyumbani ukijiona umebarikiwa. Kisha milango ikafunguliwa, na kufikia mwaka wa tisini na mbili duka la Bushiri lilikuwa na chupa za chai za rangi nne, redio kaseti nzito kama mawe ya kusagia, na magitaa makavu, yale yasiyohitaji umeme, yakining'inia juu ya matairi ya baiskeli. Yalikuwa mawili. Kamati ya kwaya ya Kisondela ilikaa vikao vitatu kwa ajili ya hayo mawili.

Gitaa la zamani la kwaya lilikuwa limekufa kwa unyevu. Mvua za Rungwe zililipinda shingo mpaka likawa halifai hata kwa nyimbo za toba. Kwaya ikauza ndizi, ikachangishana, na kazi ya kununua akapewa mwenyekiti, Mzee Hezron, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kugusa uzi wa gitaa na kwa hiyo hakuwa na shaka yoyote.

Mpigaji mwenyewe alikuwa Sekela, mke wa mtoto wa huyo huyo Mzee Hezron, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia migombani. Akisikia sauti yake uani anahamia jikoni. Mchungaji alikwisha kukemea pombe na matambiko, na Mzee Hezron aliviacha vyote viwili. Hili la mkwe akabaki nalo, kwa kuwa lilimfanya ajione mtu mzito bila kumgharimu kitu. Gharama ilikuwa ya Sekela.

Basi kwa miaka sita Sekela alipiga gitaa akiwa nyuma ya pazia la chumba cha mchungaji. Prosper, mpwa wa Mzee, ndiye aliyeliingiza kanisani. Alilitia begani, akapita nalo katikati ya mabenchi kwa mwendo wa bwana harusi, akaingia nyuma ya pazia na kumkabidhi Sekela. Nyimbo zikiisha alitoka nalo huku akijifuta jasho. Mzee Hezron, kwenye benchi la mbele, akajumlisha mwenyewe: mpigaji ni Prosper. Hakuna aliyemdanganya. Ni kwamba hakuna aliyemsahihisha, na Prosper aliongoza katika kutomsahihisha.

Siku ya kununua ilipofika, Mzee alimchukua Prosper kama mtaalamu wake. Mtaalamu, ambaye hakujua uzi wa kwanza ni upi na wa sita ni upi, akamwomba Sekela kwa siri awatangulie. Sekela akapitia njia ya mashamba ya chai, akaingia kwa Bushiri kupitia mlango wa nyuma, akakaa uani na Mwanaamina, mke wa Bushiri, aliyekuwa akichambua mchele.

"Wakikosea leo, dada, mimi basi," Sekela alimwambia. "Kwaya haitanunua jingine mpaka wanangu waoe."

"Kwani magitaa si yote yanalia?"

"Yanalia, lakini kuna la kukwangua na kuna la vidole. Mimi ni wa vidole. Dole gumba linatembea na besi, hivi viwili vinaimba. Hicho ndicho kitu changu peke yangu, dada. Shamba ni la mume, watoto ni wa ukoo."

Huko dukani Mzee Hezron alikuwa amepewa kiti. "Plospa," alisema, maana ulimi wake haukuwahi kupatana na herufi ya r, "wewe ndiye fundi. Jalibu tusikie."

"Mjomba, hapa barabarani kelele nyingi. Naenda kulisikilizia uani."

Bushiri akaelewa mambo yote mara moja, na kikohozi kikamshika.

Kwanza likaja kubwa, jekundu, linang'aa kiasi cha kujitazamia. Sekela alipolipakata, tumbo la gitaa lilimpandisha bega kama mtu anayebeba mtungi kwapani. Nyuzi zilikuwa za chuma, zimebanana, na zimekaa juu sana ya shingo. Kila alipokandamiza zilimkata. Sauti ilikuwa kubwa, lakini dole gumba lilifunika kila kitu.

"Hili linamfaa mtu wa kukwangua harusini," alisema. "Mimi nitagombana nalo mpaka kufa."

Kisha dogo. Lilikuwa la rangi ya ndizi mbivu, halina urembo, nyuzi zake za nailoni zimeachana vizuri hata kila kidole kikapata pa kupita. Sekela akapiga taratibu. Mwanaamina akasahau mchele. Na kutoka dukani ikaja sauti ya Mzee: "Hilo hilo. Zuli fijo, zuli sana."

"Umesikia," Sekela akamwambia Prosper, na furaha ilimjaa waziwazi. "Mpelekee."

Prosper hakulichukua. Alilitia begani lile kubwa, akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akageuka upande, akajitazama tena.

"Shemeji, nikipita kanisani na hicho kidogo watu watadhani nimebeba kibuyu."

"Mimi ndiye ninayepiga."

"Sawa. Lakini nani anakuona?"

Akaondoka nalo. "Mjomba," sauti yake ikasikika, "hili ndilo ulilolisikia." Kwa miaka sita Prosper alikuwa hajasema uongo hata mmoja, huo ulikuwa wa kwanza, na aliusema vizuri. Bushiri naye, kwa kuwa kubwa lilikuwa ghali zaidi, akaona si adabu kuingilia mambo ya ukoo wa watu. Akaanza kutafuta kamba ya kufungia.

Sekela alikasirika. Akalichukua dogo, akapita kati ya magunia ya sukari, akaingia dukani.

Mzee Hezron aliona pindo la kitenge tu. Akaruka kitini, akageukia rafu, akajifunika koti kichwani. Mlango wa barabarani ulikuwa nyuma yake, na kuufikia ilibidi ageuke. Akabaki ametazamana na chupa za chai.

"Shemeji, una wazimu?" Prosper alinong'ona.

Sekela akakaa juu ya gunia na kupiga. Vidole vikaenda vyenyewe kwenye wimbo walioimba siku ya kumzika mama mkwe wake. Ukashuka wote mpaka mwisho, na hakuna aliyekohoa.

"Plospa," Mzee alisema ndani ya koti. "Ni wewe unayepiga?"

Prosper alilitazama gitaa jekundu mikononi mwake. "Hapana, mjomba."

"Siku ile ya msiba, wimbo huu alipiga nani?"

"Ni mimi, baba," Sekela akajibu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu aolewe. "Nilikuwa jikoni."

Mabega ya Mzee yalipanda na kushuka.

"Nililia siku ile," aliziambia chupa za chai. "Nikasema, huyu kijana amemuaga mke wangu vizuli kuliko mimi mwenyewe. Kesho yake nikampa Plospa ndama."

"Ndiyo, baba. Amekwisha kuzaa."

Hapo hata Bushiri aliweka kamba chini.

"Bushili," Mzee alisema hatimaye, "ndilo dogo tunalochukua. Na wewe Plospa, ng'ombe huyo na mtoto wake, leo hii wawe kwa mpigaji mwenyewe."

Prosper, kwa mazoea, akanyoosha mikono apokee gitaa. Sekela akalitia begani mwenyewe. Akatoka kwa mlango wa mbele, akashika barabara kuu ya Tukuyu katikati ya watu. Desturi nayo haikuumia sana, kwani Mzee Hezron alikaa ametazamana na zile chupa mpaka Bushiri alipomwambia kwamba mwanamke amekwisha kupita.