Nywele za Selpher Zafika Lumakanda

Haya aliniambia Risper, mke wa fundi wa baiskeli wa Navakholo, mwaka juzi mwezi wa tisa, tukipukuchua mahindi yake juu ya turubai. Risper si mtu wa kutia chumvi. Akikwambia kuku wake ametaga mayai sita, nenda ukahesabu, utapata sita. Basi nayaandika kama alivyoyasema.

Alhamisi moja Selpher, jirani wa Risper, alikuwa akiosha nywele. Aliketi kwenye kigoda nje ya jiko lake, ndoo ya maji ya mvua upande huu, kopo la mafuta ya mbarika upande ule, leso kuukuu mabegani. Kwanza alizipapasa kwa vidole ajue kama zina kiu. Kisha akamwaga maji kikombe kimoja kimoja, bila haraka, na bila sabuni ya kipande. Shemeji yake Osiako alikuwa kwenye kiti karibu na mlango akinywa chai. Mfukoni mwa shati lake kulikuwa na wembe uliofungwa kwa gazeti.

"Mulamwa," Osiako alisema, maana huku kwetu mashemeji huitana hivyo, "wembe uko tayari."

"Hata chai iko tayari," Selpher alisema. "Kunywa kabla haijapoa."

"Nimekunywa."

"Basi ongeza."

Osiako hakuwa mtu wa kelele. Alikuja kila asubuhi, akauliza mara moja tu, akanywa vikombe viwili, akaenda kupalilia miwa. Miwa yenyewe ilikuwa ya marehemu ndugu yake, Were, bwana ya Selpher.

Were alikufa mwezi wa pili. Siku ya tatu baada ya kumzika, ukoo ulikaa kwenye migomba kunyolewa, kama inavyofanywanga. Wakanyolewa ndugu zake, akanyolewa binti yake Quinter, wakanyolewa mpaka watoto wa majirani waliokuwa wanapita tu. Zamu ya Selpher ilipofika, Osiako ndiye aliyefungua wembe. Mwanamume anayemnyoa mjane, jioni hiyo hiyo anatundika koti lake katika nyumba ya yule mjane. Koti likitundikwa, mama na shamba wamepata mwenyewe.

Selpher alilitazama koti alilovaa Osiako. Akasema, "Mimi bado naomboleza."

Aliona amepata njia. Nani atamkataza mtu kumlilia bwana yake? Wazee walitikisa vichwa kukubali, wakasema ni sawa, aachwe aomboleze mpaka amalize. Lakini mwenye kuomboleza ana sheria zake. Haingii nyumba ya mtu. Hapokei mkono wa mtu. Habebi mtoto mchanga. Hafungi safari ya kulala mbali. Na kumaliza kuomboleza ni kunyolewa, na wembe wa kumnyoa ulikuwa mmoja, nao umeshafungwa kwenye gazeti. Selpher alijifungia mlango kwa mdomo wake mwenyewe, ufunguo akauacha kwa Osiako.

Mara moja alijisahau, akaingia jikoni kwa Risper kuomba moto. Hakuna aliyekufa, hata kuku. Hata hivyo bwana ya Risper alilibomoa lile jiko kesho yake, akajenga lingine upande wa pili wa nyumba. Risper mwenyewe ndiye aliyempelekea Selpher habari, akisimama nje ya ua. "Dada, usiwaze. Hata hivyo lile lilikuwa linavuja." Lakini Selpher hakuomba moto tena.

Miezi mitatu ikapita. Nywele zikajisokota, zikawasha, mba ikajaa kama unga wa mtama. Akawaendea akina mama wa kanisa. Walimwombea vizuri, kisha wakasema mambo ya ukoo ni ya ukoo. Ndipo akaenda sokoni kwa Christine, msichana mwenye saluni ya mabati ya waridi. Akasimama nje ya dirisha.

"Mathe, ingia basi," Christine alisema.

"Siwezi kuingia kwa mtu. Niambie kutoka hapo."

Christine akatoa kichwa dirishani, mkono wake bado uko kwenye kichwa cha mteja. "Unachananga namna gani?"

"Kutoka juu kwenda chini, kama kila mtu."

"Hapo ndio unaziua. Anza kwa ncha, halafu upande juu polepole. Ukifika kwa fundo, simama. Usivute. Tafuta hilo fundo lilitoka wapi."

"Niliulize?"

"Kwa vidole, mathe. Ukiuliza kwa mdomo watu watasema umechizi."

Wateja wakacheka, hata Selpher akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Christine akaendelea: maji ya mvua, mafuta kidogo viganjani si mengi kichwani, kitambaa laini wakati wa kulala, na siku moja kwa wiki isiyoguswa na kazi nyingine. "Nywele inajua kama uko nayo ama umeenda," alisema. "Ukiwaza mambo mengine, acha. Rudi wakati uko."

Selpher akachagua Alhamisi. Alhamisi ya kwanza alifungua mafundo kumi na moja, na ilimchukua tangu chai ya asubuhi hadi ng'ombe waliporudi. Katika moja alikuta harufu ya moshi wa matanga. Katika lingine alikuta kikohozi cha Were, kile kifupi cha alfajiri. Alikisikiliza kikaisha, akapaka mafuta, akaenda kwenye fundo lililofuata. Kila alipochana kwa utulivu nywele zilirefuka. Akichana kwa hasira, zilisimama pale pale. Baada ya wiki mbili zilifika kiunoni. Baada ya tano alizikunja mara nne ili aweze kuketi. Kisha akaacha kuzikunja, akaziacha ziende.

Alijaribu kuzikata mwenyewe kwa mkasi. Mkasi ulipita kati ya nywele kama unavyopita majini, ukatoka upande wa pili, nywele ziko vile vile. Christine alijaribu kutoka dirishani, naye mkasi wake mzuri wa saluni ukawa butu, hata karatasi haukukata tena. "Pole, mwanangu," Selpher alisema. Christine akasema si kitu, mikasi ni vitu vya kununua. Osiako aliposikia, alinoa wembe wake na kuufunga kwa gazeti jipya.

Mwezi wa sita nywele zilivuka ua, zikapita kando ya miwa, zikashika njia ya mashariki. Hakuna aliyezielekeza. Lakini kila mtu alijua Quinter ameolewa Lumakanda, na kwamba ana mimba ya kwanza, na kwamba mtoto ni wa mwezi wa nane. Quinter alipiga simu kila Jumapili.

"Mama, utakuja?"

"Ukoo wa huko wanasemaje?"

"Mama mkwe anasema unyolewe kwanza."

"Wewe unasemaje?"

Selpher akasikia jogoo wa Lumakanda akiwika ndani ya simu. "Mimi naogopa kuzaa bila wewe," Quinter alisema.

Basi Selpher akaongeza siku. Akachana Alhamisi na Jumatatu. Hakuchana ili zirefuke, maana alijaribu hivyo mara moja, nywele zikajua na kusimama. Alichana ili achane. Lilikuwa jambo gumu kuliko kulima.

Huko mbele zilipovuka shamba la jirani, Mike, trekta la miwa likashindwa kupita. Mike akaita liguru, yaani mzee wa mtaa. Liguru alikuja na daftari, akasimama penye ua.

"Ncha iko kwa Mike," alisema, "lakini nywele ni ya mahali kichwa kinapolala. Kichwa kinalala kwa Osiako. Naandika Osiako."

"Kichwa kinalala kwa Were," Selpher alisema.

"Were siwezi kumwita barazani, mama. Naandika aliye hai."

"Mimi niko hai."

Liguru alimtazama, akaitazama kalamu. "Wewe unaomboleza," alisema, akaandika Osiako. Kisha akaamuru Mike achimbe mfereji mdogo, nywele zipite chini na trekta juu. Ikafanyika hivyo, na hakuna aliyelalamika tena.

Tangu hapo Chrispinus wa bodaboda ndiye aliyeleta habari. Alisimamisha pikipiki nje ya ua bila kuizima. "Mathe, imefika Malava! Iko karibu na posho mili ya kusaga mahindi. Watu wanairuka tu kama kamba ya ng'ombe."

"Ni chafu?"

"Chafu wapi! Wamama wa Malava wanachana. Wanasema nywele ikipita kwako bila kuchanwa ni aibu ya kijiji."

"Wanaanzia wapi?"

"Kwa ncha."

"Wamefundishwa na nani?"

"Aii, mathe, hayo mimi sijui. Mimi ni wa pikipiki."

Wiki iliyofuata zilikuwa Matete. Mtu alikuwa ameanikia nguo za shule juu yake, na Selpher alihisi sweta mbichi kisogoni siku nzima. Mvua iliponyesha Matete, maji yalitiririka mgongoni mwake ingawa Navakholo kulikuwa na jua. Alivaa koti la mvua akaendelea kumenya mahindi. Osiako alipomkuta hivyo aliuliza kama anaumwa.

"Kunanyesha Matete," alisema.

"Ah," Osiako alisema. "Sisi pia tunaihitaji." Akaongeza sukari kwenye chai. "Mulamwa, ukikubali hata leo, kesho utambeba mjukuu. Mimi mwenyewe nitakulipia gari. Si mimi nakufungia, ni nywele."

"Kwa hivyo ukininyoa, koti utaliweka wapi?"

Osiako akaangalia chini, kwa sababu alikuwa mtu wa kweli. "Koti ni koti," alisema. "Lazima litundikwe."

Selpher alimpa kikombe cha pili.

Mwezi wa nane tarehe kumi na nne, asubuhi, nywele zilifika Lumakanda, zikasimama mbele ya mlango wa mama mkwe wa Quinter. Mama huyo anaitwa Milcah, mtu wa sheria, anayefagia uwanja mara mbili kwa siku. Ndani Quinter alikuwa ameshikwa na uchungu, na mkunga amefika. Milcah alisimama mlangoni akazitazama zile nywele, safi, zimepakwa mafuta, zinanukia mbarika.

"Mama yake haingii," alimwambia mkunga. "Hilo lilisemwa. Lakini sijasikia popote imesemwa nywele isiingie."

Akachukua ufagio wa majani, akazifagilia njia mpaka kitandani.

Quinter alizishika kwa mikono miwili. Kila uchungu ulipomjia alivuta, na kule Navakholo, nje ya jiko lake, Selpher alikaza shingo na kushika mguu wa meza. Alivutwa mara thelathini na mbili. Hakupiga kelele, maana alijua mtoto wa kwanza anavyochelewa. Risper alikuja akasimama nje ya ua, akamwambia apumue, naye akapumua. Baada ya mara ya thelathini na mbili nywele zikalegea, halafu kitu chenye joto kikawekwa ndani ya nywele, kikafungwa vizuri kama mzigo wa sokoni.

"Kilo tatu na robo," Selpher alisema. "Msichana."

"Unajuaje?" Risper aliuliza.

"Si yuko kichwani kwangu?"

Simu ikalia. Alikuwa Quinter, sauti imechoka, akisema kilo tatu na robo, msichana, na kwamba hataki kulala mahali pengine popote ila ndani ya nywele, wakimtoa analia, wakimrudisha ananyamaza. Milcah ameruhusu. Amesema nywele zikae hapo mpaka mtoto atembee.

"Basi zikae," Selpher alisema.

Alipokata simu alitaka kusimama, akakumbuka. Akigeuza kichwa ghafla, mtoto ataamka. Akiinama juu ya sufuria, mtoto atainuliwa. Chooni atakwenda hatua kwa hatua, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa, na Alhamisi atachana hapa karibu na kichwa tu, huko mbele ataachia wengine.

Osiako alifika saa saba akiwa amevua kofia. Watu walikuwa wameshamwambia njiani.

"Pongezi, mulamwa."

"Asante."

"Sasa tutafanyaje na wembe?"

Selpher alifikiri. Wembe ukipita, angeweza kupanda gari leo hii aende akambebe mtoto kwa mikono yake, na koti lingekuwa limetundikwa nyumbani likimngoja. Wembe usipopita, mtoto atalala vizuri, naye ataketi hapa.

"Uko na haraka?" alimuuliza.

"Mimi? Sina. Miwa haijakomaa."

"Basi keti."

Osiako akaketi kwenye kiti chake karibu na mlango. Alikuwa amepalilia tangu alfajiri. Baada ya muda kidevu chake kikashuka kifuani, akakoroma. Kule Lumakanda Milcah aliurudisha mlango bila kuufunga kabisa, nywele zisibanwe, akajinyoosha mkekani. Quinter alikuwa ameshalala. Mtoto alipiga miayo, akanyonya kidole, akazama usingizini naye.

Selpher alibaki peke yake, saa nane mchana, jua liko juu ya paa. Alihisi uzito mdogo ukiwa mzito zaidi, kama uzito wa mtoto unavyokuwanga akishalala kabisa. Akaegemeza mgongo kwenye ukuta wa jiko bila kugeuza shingo. Akafumba macho, kichwa wima, akalala hivyo hivyo ameketi.