Kitambaa cha Madame

Kapata nzima, mtaa wa nyumba za kampuni ya shaba, ilimcheka Mama Ndaya, na tuseme kweli, alijitakia. Nani amewahi kuona mbuzi akifungwa kitambaa mdomoni kila jua linapozama? Mbuzi mwenyewe aliitwa Madame, mwenye mimba kubwa na macho ya dharau.

"Mama Ndaya, huyu amefanya kosa gani?" jirani yake Gracien, mchimbaji wa shaba, alimtania kila siku.

"Cheka tu, tata," alijibu, akimwita baba kwa heshima. "Mi najua kenye naogopa."

Hofu hiyo alitoka nayo kaskazini, upande wa Mitwaba. Vita vilipofika kijijini, yeye na jamaa zake walijificha porini na mbuzi wao kumi na wanane. Mmoja akalia. Watu wenye bunduki wakafuata sauti, wakaswaga karibu kundi zima. Ndaya aliponyoka na jike mmoja tu, aliyembana mdomo kwa kitenge chake kichakani. Madame ni mjukuu wa jike huyo, na hakuna mwingine aliyebaki.

Basi asubuhi moja, lo! Kamba imekatika, Madame hayupo, na kitambaa kimeondoka naye.

Ndaya alizunguka nyumba za kampuni safu kwa safu, akiita mpaka koo likamkauka. Gracien na wenzake wakachungulia mashimo ya zamani. Kimya. Ndaya akaketi chini, akajipiga paja.

"Yoo, mama! Atanijibu na nini? Ni mi mwenyewe nilimufunga kinywa!" Akalia bila aibu.

Ndipo ikasikika sauti nyembamba, kali, yenye hasira: meee! Ndaya akatega sikio. Madame hakuwa na sauti ya namna ile.

Wakakimbilia shimo ambalo hawakuwa wamelifikia, nyuma ya nyumba ya mwisho. Gracien akashuka kwa kamba, akapaza sauti kutoka chini: "Mama, ni batoto! Babili, mapacha! Madame angali na kitambaa chake, lakini hawa nani angewafunga?"

Ndaya akapiga vigelegele mpaka wanawake wakatoka na mikono yenye unga.

Jioni Madame na wanawe walipiga kelele zisizo na adabu hata kidogo. Gracien akaja ameziba masikio.

"Mama Ndaya, kitambaa kiko wapi?"

Kilikuwa kichwani mwa Ndaya, kimefungwa kwa madaha.

"Kule Mitwaba mbuzi alilia, bakakuya na bunduki," alisema. "Hapa amelia, mukakuya na kamba. Acha walie, tata."