Hodhi Tupu la Makini

Nchi ya Papara imepakana na Mto Pupa upande wa mawio, na Jangwa la Nadama upande wa machweo. Katika nchi hiyo nyumba haikuhesabiwa kuwa nyumba mpaka iwe na hodhi la kioo sebuleni, na ndani ya kioo hicho waogelee samaki. Hodhi la tajiri lilikuwa na urefu wa kitanda, na la maskini lilikuwa na upana wa sinia, lakini wote walitaka samaki wa aina moja: mbuna, jamaa wadogo wa perege waishio miambani mwa Ziwa Siri, ambao Muumba amewavika buluu ya anga baada ya mvua, njano ya bizari mbichi, na milia myeusi kama wino wa khati. Mgeni hakuulizwa habari za safari kabla hajalitazama hodhi na kulisifu. Posa zilikubaliwa kwa rangi za samaki, na nyingine zilivunjika kwa sababu hiyohiyo.

Desturi ya pili ilifuata jina la nchi. Kioo kilichounganishwa asubuhi kilijazwa maji adhuhuri, samaki wakatiwa alasiri, na kabla ya magharibi wageni walikuwa wamekwisha kula pilau na kutoa pongezi. Mithali isemayo haraka haraka haina baraka ilikuwa imefutwa katika vitabu vya vyuoni kwa amri, na walimu waliokuwa wakiikumbuka walijifanya wameisahau.

Jambo moja halikutajwa. Samaki hao walikufa; wengine siku ya tatu, wengine siku ya nane, wakielea tumbo juu kama maua yaliyopukutika. Kila Alhamisi watumishi wa serikali walipita nyumba kwa nyumba na ndoo zilizofunikwa, wakatoa wafu na kutia walio hai, na wenye nyumba waligeuza nyuso zao ukutani mpaka kazi iishe. Kugeuka huko kuliitwa adabu. Walio hai walitoka ziwani kwa mikono ya wazamiaji, na kwa kuwa miamba ya karibu ilikuwa imekwisha kuvuliwa ikawa mitupu, kila mwaka wazamiaji walitumwa chini zaidi kuliko mwaka uliopita.

Mkuu wa shughuli hiyo yote aliitwa Mwinyi Ghururi, Msimamizi wa Vioo. Hakuwa mtu katili. Alipenda kitu kizuri kionekane mapema, na hakupenda kuambiwa kilikotoka.

Miongoni mwa wazamiaji alikuwako mtu aitwaye Juhudi. Wiki sita kabla ya Sikukuu ya Vioo alizamishwa mara tano kwa siku moja, na mara ya tano hakuibuka. Serikali ilimpelekea mkewe, Makini, mkono wa tanzia kwa mujibu wa desturi: hodhi jipya la kioo, na ndoo ya mbuna wa kutiwa humo siku hiyohiyo. Makini alikipokea kioo kwa mikono miwili. Ndoo aliirudisha ziwani mwenyewe, akaimimina polepole.

Mumewe alikuwa amezoea kumsimulia. Jioni, akijikausha nywele, alimwambia: "Mke wangu, huko chini ni mji. Kila samaki ana pango lake katika jiwe, na asiye na pango hana amani. Maji yenyewe ni mazito, yakichemshwa huacha chokaa katika birika. Chakula chao ni ukoga wa mawe. Sisi twawatia katika maji ya mvua, twawapa makombo ya nyama, kisha twasema wana afya dhaifu."

Basi Makini akaanza kujenga mji. Alichukua mawe ya chokaa kutoka ufukweni, akayapanga juu ya sakafu ya kioo kabla ya kumwaga mchanga, kwa kuwa mbuna ni wachimbaji, na jiwe lililosimama juu ya mchanga huwaangukia. Aliacha mapango mengi kuliko samaki aliokusudia. Alijaza maji ya kisima cha kando ya ziwa. Juu ya paa akaweka gurudumu dogo la upepo lililopandisha maji mpaka mtungini, yakachujika katika changarawe, yakashuka tena kwa mwanzi yakiimba sauti moja mchana kutwa. Kisha hakutia samaki. Kila asubuhi alitia chembe za chakula katika maji yasiyo na kiumbe, akaketi akayatazama.

Majirani walisema msiba umempanda kichwani. Walisema anamlisha marehemu.

Ndugu yake Thabiti, ambaye naye alikuwa mzamiaji, alikuja akamkuta ameketi. "Dada," akasema, "watu wananiuliza, nami sina la kuwajibu. Unamlisha nani?"

"Ninayalisha maji," Makini akajibu. "Nimelichunguza hodhi hili tangu siku ya kwanza, ndugu yangu. Katika maji machanga uchafu wa samaki huwa sumu yao. Lakini jiwe lililokaa majini huota ute, na ute huo huila sumu. Siku za kwanza maji haya yalinuka. Juma lililopita yalitia ukungu kama maziwa. Leo yanuse."

Thabiti aliinama akanusa. Yalinuka kama ziwa baada ya mvua, akasema hivyo.

"Basi yanakomaa," Makini akasema. "Nataka nyumba moja tu katika nchi hii ambayo samaki hawafi, ili mtu aulize kwa nini wa kwake wanakufa. Akishauliza, hatakutuma chini tena."

Sikukuu ya Vioo ikafika siku ya thelathini ya kungoja kwake. Nyumba zote zilimeremeta. Hodhi la Makini lilikuwa na mawe na maji. Jioni hiyo askari walimletea hati ya mashtaka yenye vifungu vitatu: kuidharau Sikukuu, kuwalisha wasiokuwapo, na kuwafundisha watu kungoja. Adhabu yake ilikuwa kuvunjiwa kioo na kuhamishiwa Jangwa la Nadama.

Siku kumi baadaye kesi ilisikilizwa mbele ya Kadhi Insafu, mzee mpole wa maneno, ambaye naye alikuwa na hodhi nyumbani, na uso wake umeuzoea ukuta siku za Alhamisi. Mwinyi Ghururi alisimama kushtaki.

"Mheshimiwa Kadhi," akasema, "uzuri ni haki ya macho, na mama huyu ameyanyima macho ya jirani zake haki hiyo kwa siku arobaini. Nipewe kioo, nami nitakijaza kabla ya adhuhuri."

"Sina shaka," Makini akasema. "Naomba hicho kioo apewe. Kisha kitiwe lakiri mtu asikifungue, na changu kitiwe lakiri, na ndoo isipite."

Neno ndoo halikuwa limepata kutamkwa mbele ya watu.

Kadhi akatoa amri. Mahodhi mawili yatasimama katika ukumbi wa baraza kwa siku ishirini na moja, vifuniko vyake vimetiwa lakiri. La Makini lihamishwe pamoja na mawe, maji, gurudumu na mwanzi wake. Kila kimoja kiachiwe tundu dogo la chakula na la kubadilishia maji kidogo kila juma, mbele ya karani. Samaki wa Makini akifa hata mmoja, ameshindwa.

Kabla ya adhuhuri Ghururi alikuwa amekijaza kioo chake: mbuna arobaini, madume matupu, kwa kuwa dume ndiye mwenye rangi, wakichanganyika na samaki wa mito mitatu ya mbali, maji ya mvua yaliyotiwa marashi, na katikati kasri ya fedha isiyo na mlango. Watu walishusha pumzi kwa raha. Makini alitia kumi na wawili kati ya waliokwisha kuvuliwa, madume watatu na majike tisa, wote wa ziwa moja. Waliingia mawe, wakapotea. Kwa muda mrefu kioo chake hakikuonyesha kitu ila mapovu.

Siku zikapita katika ukumbi ule kwa ukimya wa ndoto. Mwanga wa madirishani uliingia majini ukatetema ukutani, na waliokuja kutazama walisahau walilolijia, wakakaa. Waliwaona wa Makini wakitoka mmoja mmoja, wakikwangua ukoga, wakitishana mlangoni kisha kila mmoja akarudi kwake. Katika kioo cha pili, madume arobaini walitafuta pahali pa kujificha wasipate. Walifukuzana mpaka mapezi yakawa nyuzi. Siku ya nne walielea watano. Siku ya tisa karani aliacha kuwaandika kwa majina ya rangi, akaandika idadi. Alhamisi mbili zilipita na hapakuwa na ndoo, na watu waliogeuka ukutani kwa mazoea walipogeuka tena waliwakuta wafu palepale.

Lakini siku ya kumi jike mmoja wa Makini, wa njano, aliacha kula. Alijitenga na wenziwe katika pango la chini, kidevu kimetuna, na chakula kilipopita puani mwake alikiacha kikazama. Siku ya kumi na tano alikuwa amekonda mgongo. Ghururi alisimama kando ya kioo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu lakiri ipigwe.

Adhuhuri moja karani alipokwenda kuswali, Thabiti alimkuta dada yake peke yake ukumbini. Alikuwa na kifurushi cha majani mabichi, na ndani yake mtungi mdogo. "Nimekuletea wa mfano wake," akasema kwa sauti ndogo. "Nilizama mara moja tu. Tundu la maji linatosha mkono."

Makini aliutazama mtungi. Samaki aliyekuwamo alikuwa mzima, wa njano, mzuri. Aliwaza jangwa, na kioo kikivunjwa, na watu wakisema ilikuwa wazimu wa mjane tangu mwanzo.

"Mrudishe," akasema.

"Watakuhamisha, dada."

"Nikimtia huyu, wewe ndiye utakayezama Alhamisi ijayo, na inayofuata. Mrudishe, nawe usizame tena kwa ajili yangu." Thabiti alipoondoka, alilia bila sauti, paji la uso limegusa kioo.

Siku ya ishirini na moja ukumbi ulifurika. Lakiri ya Ghururi ilivunjwa kwanza. Maji yalikuwa kama ya kuoshea vyombo, na kati ya arobaini na wale wageni wa mito walibaki wawili, kila mmoja katika pembe yake, wakitazamana. Kisha karani akaja katika hodhi la Makini, akahesabu kwa sauti: mmoja, wawili, mpaka kumi na mmoja. Akatafuta.

Jike wa njano akatoka pangoni. Alisimama mbele ya watu wote, amekonda kama jani, akafungua kinywa chake, na kinywani mwake wakatoka samaki wadogo kama mbegu za ufuta, kumi, kisha ishirini, kila mmoja na macho yake, wakatawanyika majini kama vumbi katika miale.

"Ni hila," Ghururi akasema. "Wameingizwa kwa tundu."

Kadhi Insafu aliinuka kitini, akasogea, akainama juu ya kioo. Kivuli chake kilipoanguka majini, wale wadogo wote walirudi mbio, na mama akafungua kinywa, wakaingia, akakifunga. Kadhi alirudi nyuma kwa adabu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha mzazi.

"Bibi Makini," akauliza, "ulijua haya?"

"Sikujua, Mheshimiwa. Nilidhani anakufa. Kumbe alikuwa amefunga ili asiwameze."

Kadhi akamgeukia Msimamizi wa Vioo. "Nawe, Mwinyi? Umeshika kazi ya samaki hawa miaka thelathini. Hukupata kuliona jambo hili hata mara moja?"

Ghururi alifungua mdomo kujibu kwa ufasaha kama ilivyokuwa kawaida yake, lakini jibu lililomtoka lilikuwa la kweli, likamshangaza mwenyewe. "Mheshimiwa, kwa miaka thelathini, kabla ya hawa wawili, sijapata kuwa na samaki aliyeishi siku ishirini na moja."

Hukumu haikuwa ndefu. Mashtaka yalifutwa. Ndoo za Alhamisi zilikomeshwa, na mzamiaji yeyote asitumwe ziwani kutafuta badali ya mfu. Mwenye kutaka samaki ayangoje maji kwanza, kisha achukue kutoka kwa aliyezalisha. Kisha Kadhi alimwuliza Makini anataka Ghururi apewe adhabu gani, na wengi walitazamia kusikia jina la jangwa.

"Ashushwe ziwani mara moja," Makini akasema, "kwa kamba, na ndugu yangu amshike mkono. Basi."

Asubuhi moja yenye jua jepesi Thabiti alimchukua Mwinyi Ghururi kwa chelezo mpaka juu ya miamba. Wakashuka. Ghururi alifumbua macho katika buluu asiyoijua, akaona mji ambao Juhudi alimsimulia mkewe: mapango juu ya mapango, vichochoro, nyua za mchanga mweupe, vyote vikimeremeta kwa nuru iliyovunjika, na ndani yake hamna mkazi. Alitazama mlango baada ya mlango. Pumzi ilipomwishia alimbana Thabiti mkono, wakapanda.

Alikaa juu ya chelezo, maji yakimtiririka ndevuni. "Hapa ndipo wazamiaji walipokuwa wakifika?"

"Hapa ni nusu, Mwinyi," Thabiti akajibu. "Walio hai wako chini zaidi."

Ghururi alitazama maji. "Nishushe tena."

"Pumzi unayo?"

"Sina. Lakini wao hawakuulizwa."

Thabiti alikaza kamba kiunoni mwake, akamwambia apumzike kwanza. Wakaketi wote wawili juu ya chelezo, wakaingoja pumzi irudi.