Mtoto wa Mifupa Mia Tatu

Saa mbili na robo asubuhi Mwalimu Iskra alitia magogo mawili ya mwaloni katika jiko la darasani, akakung'uta mikono, akasema, "Haya, Sevda mama, tusomee la leo."

Sevda alikuwa na miaka saba na mapengo mawili. Alikuwa na kitabu cha maajabu ya dunia, alichonunuliwa na mama yake kabla mama hajaenda Hispania kuchuma stroberi. Kila asubuhi alisoma jambo moja tu, kwa sauti ya kupasua vioo, na alichokisoma kilifika kijijini kabla ya chakula cha mchana.

Jumatatu alisoma kwamba pweza ana mioyo mitatu. Saa tano pweza alikuwamo kwenye birika la ng'ombe, na watoto wakapokezana kumshika wahesabu mapigo. Jumanne ilikuwa zamu ya wombati, mnyama wa Australia ambaye kinyesi chake hutoka na pembe kama tofali. Jirani yao, Babu Marin, alivikusanya vile vitofali akazibia tundu la ukuta, akanung'unika tu kwamba ni vidogo. Jumatano akaja twiga, ambaye shingo yake yote ndefu ina mifupa saba tu, sawa na ya mtu. Alikula maua ya miplamu ya Bibi Tsonka, aliyemlea Sevda. Bibi alimfukuza kwa ufagio, kama anavyofukuza mbuzi wa watu.

Alhamisi mkaguzi angekuja kuhesabu wanafunzi. Walikuwa tisa, na sheria ilitaka kumi. Wasipotimia, shule inafungwa na watoto wanapelekwa bweni mjini. Sevda hakulitaka bweni. Alipekua kitabu chote mpaka ukurasa wa arobaini na moja, akaruka juu.

"Mtoto mchanga huzaliwa na mifupa kama mia tatu!" alisoma asubuhi ile, hakai kitini. "Lakini mtu mzima ana mia mbili na sita tu!"

Saa nne kikapu cha kuni kilipiga chafya. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa kike, mnono, na sweta lake. Bibi Tsonka aliitwa, akambonyeza magoti, akambonyeza mbavu.

"Mia tatu na mbili," alisema. "Ptuu, ptuu, sura mbaya wee!" Alimtukana ili kijicho kisimpate.

"Kumi!" Sevda alipiga kelele. "Tumetimia! Tuko kumi!"

Mkaguzi, Bwana Penkov, alifika saa sita. Alianza kwa kumhesabu twiga, kisha akamfuta, kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Akasimama mbele ya kikapu.

"Na huyu ni mwanafunzi?"

"Ndiyo, bwana mkaguzi. Wa kumi huyo. Tena anakushinda mifupa!"

"Mifupa haifanyi mtihani, binti. Fomu inasema mwanafunzi ni yule anayeingia darasani kwa miguu yake."

"Hilo tu?" Bibi Tsonka akakunja mikono ya blauzi. "Kunywa kahawa, baba. Nakanda unga."

Kijijini pale mtoto hapigi hatua ya kwanza mpaka abingirishiwe mkate wa duara, naye aufuate. Akishaanza kuufuata hashikwi, maana ni mkosi. Bwana Penkov mwenyewe alitembezwa hivyo hivyo utotoni. Alikunywa kahawa mbili, akangoja.

Mkate ulipotoka tanurini, walimsimamisha mtoto uani, uso wake ukielekea mlango wa darasa. Bibi Tsonka alichuchumaa, akausukuma.

Ua wa shule una mteremko. Kila mtu aliujua, kwa mipira iliyopotelea huko chini, ila kwa furaha ile hakuna aliyeukumbuka. Mkate ulipanda hadi kizingitini, ukasita, ukarudi. Ukapita katikati ya miguu ya twiga, ukatoka getini, ukateremka barabarani. Mtoto akageuka, akaufuata.

Alitembea vizuri mno. Kijiji kizima kilikuwa nyuma yake kikipiga makofi, Sevda mbele ya wote, ameishiwa sauti.

Basi la saa nane lilikuwa limefungua mlango. Mkate ukaruka ngazi, mtoto naye akapanda. Dereva hakumtoza nauli, kwa kuwa walio chini ya miaka saba husafiri bure. Akafunga mlango, akaondoa gari.

"Umeona, bwana mkaguzi?" Sevda alihema. "Kwa miguu yake!"

"Nimeona," alisema Bwana Penkov. "Lakini hakuingia. Ametoka."

Akaandika tisa.

Jumanne iliyofuata mama yake Sevda alipiga simu kutoka Hispania. Mtoto amefika, alisema, mkate ulikuwa bado wa moto, wameula kwa chumvi na asali, na jana wamemwandikisha shule.

"Huko nako wanahesabu watoto?"

"Wanahesabu, mwanangu. Darasani kwake wako thelathini na mmoja."

"Wengi hivyo! Wametoka wapi?"

"Ishirini na wawili wametoka huko kwetu," alisema mama. "Haya, begi la bweni bibi ameshakupangia?"

Sevda alisema limeshapangwa.