Siivui Jezi

Mie nina hasira za karibu, hilo silikatai, mama yangu kalisema tangu nina miaka saba. Lakini siku ya fainali sikukasirika bure.

Naitwa Swalha, mtu wa Unguja. Nina duka la viatu soko la Zhanxi, Guangzhou, hapa Uchina, mzigo wangu hupakiwa bandari ya Nansha, na kila Jumamosi asubuhi nacheza mpira wa Kiairishi. Ndiyo, na hijabu yangu na suruali ndefu. Mpira wenyewe unaushika kwa mikono, unaupiga kwa mguu, na ukikimbia nao, kila hatua nne uudundishe. Aliyeniingiza ni Imelda, mwalimu kutoka Ayalandi, mteja wangu wa raba. Siku moja alikuja kuniambia ana jezi saba na wachezaji watano, watatu wao Wachina. Waairishi wamejaa mji huu, ila Jumamosi asubuhi wote wamelala. Nikaenda kumtazama tu, nikamchukua na Chebet, Mkenya wa duka la jirani. Tukabaki miaka miwili.

Miaka miwili hiyo tulifungwa na kila mtu. Mvua ilitunyea, nikavunjika kidole, na pembeni mwa uwanja hakuna hata mmoja wa kutupigia makofi. Mwaka huu ndio mambo yakageuka. Tukashinda, tukashinda tena, tukafika fainali, na fainali inachezwa hapa hapa Guangzhou.

Basi toba, Waairishi waliamka. Walikuja kama sitini, wamejipaka kijani mpaka masikioni. Mbele yao Alvin, mwenyekiti wa chama chao, mtu ambaye sijapata kumwona uwanjani hata kwa bahati mbaya. Tulikuwa tunanyoosha viungo akamvuta Imelda pembeni. Wakanong'ona. Imelda akarudi anatazama viatu vyake.

"Swalha," akaniambia, "leo utaanzia benchi. Ni leo tu. Kuna msichana kaja mwezi uliopita, kwao ni Ayalandi. Picha zitapelekwa nyumbani, chama kinataka kuonyesha wasichana wetu."

"Na mimi wa nani?"

Wallahi iliniuma. Ningetukanwa na Alvin ningecheka, lakini Imelda nilimfunga bandeji kidole chake na yeye akanifunga changu. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa nimechuma mimi, na waliokuwa kivulini ndio wanaletewa sahani.

Alvin akasogea na tabasamu la mtu anayetaka kupunguziwa bei. "Dada, usichukulie vibaya. Hii ni fahari ya taifa. Wewe huwezi kuielewa."

Nikamtazama fulana yake. Mpya, ina mikunjo ya mfuko bado, kifuani imechapwa bendera. Nikatazama na za wenzake, zote sitini. Za Zhanqian hizo, mtaa wa nguo, kazi ya siku tatu, nazijua kama ninavyovijua viatu vyangu.

"Bendera yako inaanza na rangi gani?" nikamuuliza.

"Kijani, nyeupe, chungwa."

"Hebu isome hiyo ya kifuani, uanzie upande wa kushoto kwa anayekutazama."

Akainamisha kichwa, akaivuta fulana, akaigeuza huku na huku. Chungwa, nyeupe, kijani.

"Hiyo ni ya Ivory Coast," nikamwambia. "Wafanyabiashara wao nawauzia viatu kila mwezi, na fulana hizo hizo wanazinunua kwa maelfu. Kiwandani wamekupa zilizokuwepo, na wewe hukutazama. Nyote sitini hamkutazama. Halafu unanifundisha mimi fahari."

Chebet alicheka mpaka akakaa chini. "Manze, hata hawajui kwao," akasema. Alvin akawa mwekundu, akasema msichana wake ataanza, fulana au si fulana, chama ndicho kinacholipia uwanja.

"Meiyou," nikamjibu. Neno la sokoni, kila mfanyabiashara wa huku analijua: hakuna. Nikaingia uwanjani, nikasimama mahali pangu pa siku zote, nyuma kulia. Yule msichana naye akaingia, kwa sababu kaambiwa aingie. Refa akahesabu akapata wanane badala ya saba. Akamwambia Imelda amtoe mmoja ndani ya dakika mbili, la sivyo mechi tumeikosa.

Imelda akaja mbele yangu. Akanyoosha mkono kama anayedai jezi.

"Siivui," nikasema. "Ukitaka ichane."

Chebet akaja akasimama ubavuni kwangu. Halafu wale Wachina watatu, mmoja mmoja. Imelda akateremsha mkono. Akageuka kumtazama yule msichana, na msichana, ambaye hata jina sikulijua, akatikisa kichwa.

"Mimi sikuomba hii nafasi," akasema. "Nilikuja kutazama." Akatoka mwenyewe, akaenda kukaa benchi, akaanza kutupigia makofi.

Tukacheza. Ningependa kukwambia tulishinda, lakini tulifungwa, tena vibaya, alama tisa. Kufika mapumziko, nusu ya wale sitini walishaondoka. Bendera fuata upepo, na upepo ulikuwa umehama. Filimbi ya mwisho ilipolia alibaki yule msichana wa benchi na mzee mmoja anayemsubiri mbwa wake akojoe. Fulana kumi hivi zilitupwa kwenye pipa la taka. Imelda akanikumbatia analia, akaniomba radhi. Nikamwambia nimesamehe ila sijasahau, anipe muda.

Kesho yake nilifungua duka nimevaa jezi ya kijani, haijafuliwa, ina tope la jana. Wazanzibari wenzangu wakaja kunichokoza mlangoni.

"Swalha, mmeshinda?" mmoja akauliza.

"Tumefungwa tisa."

"Sasa mbona umeivaa?"

"Kwani wewe," nikamuuliza, "kwenu ukifungwa unahama?"